Mchicha Unaodumaa Chini ya Makarasha

SWALI: Ninalima mchicha na nyanya kando ya kijito wilayani Chunya, chini kidogo ya makarasha, yaani mitambo ya kusagia mawe, ya wachenjuaji wa dhahabu. Tangu kiangazi kianze, mchicha umedumaa na majani yake machanga yana manjano, ilhali nyanya zimestawi. Je, ni zebaki? Na nyanya hizo zinalika? – Mkulima, Chunya.

JIBU: Zebaki husemwa sana, lakini kwa dalili hizo haiwi mtuhumiwa wa kwanza. Sehemu kubwa ya zebaki, kama ilivyo metali ya risasi, hunasa kwenye tope, na ile inayoingia mmeani hubaki zaidi mizizini. Shaba na zinki, ambazo mmea huzihitaji kwa kiasi kidogo tu, zikizidi huuzuia mmea kutumia madini ya chuma, na hapo majani machanga hupauka huku mishipa yake ikibaki kijani. Manjano yanayoanzia majani ya chini, yaliyozeeka, kwa kawaida ni njaa ya naitrojeni. Ng'oa mche mmoja uukague: mizizi mifupi, minene, ya kahawia, isiyo na vinyweleo, huashiria sumu ya metali, ingawa udongo wenye tindikali kali nao huweza kuidumaza hivyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kadimiamu, metali yenye sumu, kwa kuwa mboga za majani huifyonza kwa wepesi na huweza kuonekana nzuri kabisa sokoni. Kwa ajili ya usalama wa mimea, mwongozo wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, huruhusu hadi miligramu 5 za risasi kwa lita ya maji ya umwagiliaji, wakati kiwango cha WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita; kwa hiyo ustawi wa nyanya zako hauthibitishi lolote kuhusu mlaji. Ni kweli kwamba tunda kwa kawaida hubeba metali kidogo kuliko jani. Kuosha huondoa tope lililorukia majani, lakini kuchemsha hakuondoi metali iliyokwishaingia ndani.

Samadi iliyooza vizuri, pamoja na chokaa pale udongo unapopimwa na kukutwa na tindikali, hupunguza kadimiamu na shaba zinazofyonzwa. Usiuze mchicha huo kabla ya vipimo. Peleka maji, udongo wa sentimita 20 za juu na mboga zenyewe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya kanda jijini Mbeya, ukitaja metali unazotaka zipimwe, na umwarifu bwana shamba wako, maana walio chini yako kijitoni wanamwagilia maji hayohayo.