Kabla hujatoa mkono upandikizwe kihisi cha sukari

Mtu mzima mwenye kisukari akialikwa kwenye majaribio ya kihisi kinachowekwa chini ya ngozi, huuliza kwanza kama kisu kinauma. Kisu ni cha dakika chache, na ganzi ipo. Kazi yenyewe inaanza kesho yake, na nyingi ni yako: kihisi hakijui sukari yako mpaka ukifundishe kwa damu ya kidole, na ukikifundisha vibaya kitasema vibaya kutwa nzima.

Mfano tunaoutumia hapa ni Eversense, kwa sababu ndicho kihisi cha kupandikizwa kilichopita majaribio mengi na kufika sokoni. Kiliruhusiwa Ulaya mwaka 2016, kisha Marekani mwaka 2018 kwa siku 90. Toleo la siku 180 liliruhusiwa huko 2022, na la siku 365 mwaka 2024. Ni kijiti chenye umbo la kapsuli nyembamba, urefu wa milimita 18 hivi na unene wa 3.5. Ndani yake mna kemikali inayong'aa kadiri glukosi inavyoongezeka kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, na nje kuna pete yenye dawa ya deksamethasoni kidogo, ya kuutuliza mwili usikishambulie. Hakina betri. Nguvu zake hutoka kwenye transmita unayobandika juu ya ngozi, ambayo husoma kila dakika 5 na kupeleka namba kwenye simu. Ukiibandua transmita, saa hizo hazirekodiwi popote, wala hazirudi.

Kwa Uganda, karatasi kwanza. Utafiti wowote wa aina hii lazima upitishwe na kamati ya maadili ya utafiti iliyosajiliwa, kisha uandikishwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Na kwa kuwa kijiti hiki kina dawa ndani, ulizia pia barua ya NDA, Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Fomu ya ridhaa iwe katika lugha unayoielewa vizuri, iwe Kiganda, Kinyankole au Kiswahili, na nakala yako uende nayo nyumbani. Itafute namba ya simu ya mwenyekiti wa kamati. Ikikosekana, usitie sahihi siku hiyo. Tafuta pia majibu ya mambo haya: nauli na muda wako vinalipwaje, nani anagharamia matibabu kidonda kikioza, vijiti vya glukomita, mashine ya kupimia sukari kwa damu ya kidole, vinatolewa vingapi kwa mwezi, na nani atakitoa kihisi ukijitoa katikati. Hilo la mwisho watu husahau sana.

Kwenye uchunguzi wa awali usifiche kitu. Kama makovu yako huvimba na kuwa makubwa, sema, maana kukata na kukata tena mahali pale pale si jambo la mtu mwenye keloidi. Sema kama unatumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kama ganzi iliwahi kukudhuru, kama una mimba au unaitafuta. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, nacho kina mtego wake hapa kwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa watoto wachanga ulikuta 13.3% wanabeba selimundu bila kuugua, na kwa watu wa namna hiyo HbA1c inaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Upungufu wa damu nao huifanya glukomita kusoma juu. Kwa hiyo omba hemoglobini ipimwe kabla, na hali ya selimundu ikiwezekana.

Siku ya kuweka, unalala ubavu huku kiwiko kimekunjwa. Mahali ni nyuma ya mkono, kati ya bega na kiwiko. Ngozi husafishwa, ganzi huchomwa, kisha hukatwa mstari usiozidi milimita 8. Kifaa butu hufungua mfuko mdogo chini ya ngozi, kihisi kinasukumwa humo, kidonda kinafungwa kwa utepe wa karatasi na plasta isiyopitisha maji. Kosa kubwa la mpasuaji ni kina. Akizama sana, transmita hupata mawimbi hafifu na siku ya kukitoa itakuwa tabu. Akikaa juu mno, ngozi huchakaa na kijiti huanza kujitokeza. Uliza bila haya amewahi kuweka vingapi. Kwa siku mbili tatu za kwanza usibebe jerikeni kwa mkono huo, wala usining'inie nyuma ya boda ukishikilia kwa mkono huo. Saa 24 za kwanza ni za kusubiri tu, hakuna namba.

Sasa kidole. Toleo la siku 180 huomba kipimo mara mbili kwa siku kwa siku 21 za mwanzo, halafu mara moja kwa siku. La siku 365 hushuka hadi mara moja kwa wiki baada ya siku 14. Kosa la kila siku ni mikono. Ukimenya embe au fenesi kisha ukatoboa kidole bila kunawa, damu yenye 7 mmol/L inaweza kusoma 12, nawe umekifundisha kihisi uongo. Nawa kwa sabuni na maji, kausha, toboa ubavuni mwa kidole. Spiriti pekee haitoshi kuondoa sukari ya tunda. Pima sukari ikiwa imetulia: kabla ya chakula au ukiamka, si dakika 40 baada ya matoke wala ukishuka mlima. Majimaji ya chini ya ngozi huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, na sukari ikiwa inapanda kwa kasi namba mbili hizo haziwezi kulingana hata kifaa kikiwa kizima. Vijiti vya glukomita vikae kwenye kopo lake lililofungwa, mbali na dirisha na mbali na dashibodi ya gari. Na angalia kipimo: programu ikija na mg/dL na glukomita yako ni ya mmol/L, zidisha kwa 18. Mtu akiingiza 10 mahali pa 180 siku nzima imeharibika.

Transmita huchajiwa kila siku kwa dakika 15 hivi. Umeme ukikatika jioni, chaji asubuhi, na tunza betri ya akiba kwa ajili yake peke yake. Gundi hubadilishwa kila siku, na jasho la kwetu halisamehe, kausha ngozi kwanza.

Katika majaribio mengi namba za kihisi hufichwa, au unakatazwa kuzitumia kupanga insulini. Utii hilo. Insulini ipangwe kwa kidole.

Kuna siku za kulala kliniki, namba za kihisi zilinganishwe na za damu. Unawekewa kanula, mkono hupashwa joto ili damu ya mshipa ifanane na ya ateri, na damu huchukuliwa kila dakika 5 hadi 15 kwa saa nyingi. Piga hesabu mwenyewe: saa 12, kila dakika 15, mililita 2 kila mara, ni mililita 96. Kwa mwenye damu kidogo hilo si mchezo. Siku hiyo sukari hushushwa na kupandishwa kwa makusudi, kwa hiyo hakikisha daktari yuko chumbani, si kwenye simu.

Matokeo huelezwa kwa asilimia ya wastani wa kukosea. Utafiti wa PROMISE, watu 181 Marekani, ulipata 9.1%. Usiisome kama alama ya mtihani. Damu ikiwa 10 na kihisi 11, kosa ni 10% na hakuna aliyeumia. Damu ikiwa 3.0 na kihisi 3.9, kosa ni 30%, na huenda kengele ya kuonya sukari imeshuka isilie. Uliza wamepima mara ngapi chini ya 3.9.

Dawa: doksisaiklini, ambayo wengi huinunua kwa kukohoa tu au kwa malaria, iko kwenye kundi linalofanya kihisi hiki kisome chini ya ukweli. Utakunywa soda bure na sukari itapaa. Manitoli ya dripu hufanya kinyume, hupandisha. Kwinini ni hatari ya aina nyingine: hiyo hushusha sukari kweli, kwa hiyo ukitibiwa malaria kwa kwinini kengele ya chini usiipuuze, toboa kidole. Ukipelekwa kwenye MRI, wajulishe una kihisi mkononi na ubandue transmita kabla hujaingia.

Kukitoa ni ganzi na mkato mdogo tena, na kijiti hukamatwa kwa koleo. Kisiposikika kwa vidole, wasichimbe. Waombe altrasaundi wakione kwanza. Kikitoka, kiangaliwe kama ni kizima, na urefu wake uandikwe kwenye faili yako.