Kabla hujamwambia mama aache deksa

Wadogo zangu mnaoanza staji ya magonjwa ya ndani hapa Bukavu, tezi za adrenali, zile mbili zinazokaa juu ya figo, mmezisoma kwa Kifaransa, na kanda tatu za gamba lake mmezikariri: ya nje alidosteroni, ya kati kotisoli, ya ndani androjeni. Vizuri. Ila hakuna mama wa mtaani Kadutu atakayekuambia ametumia kotikoidi, yaani dawa zinazoiga kotisoli, kama deksa (deksamethasoni). Atasema amechoka, basi.

Mimi nilianza vibaya. Nilimpokea mama mwenye uso wa duara, tumbo kubwa, miguu myembamba, na michirizi mipana tumboni. Dada yake akatoa mkobani vidonge vidogo: deksa, vya kunenepesha, amevimeza miezi na miezi. Nikajiona mjanja. Nikamgombeza, nikamwamuru aache siku ileile. Siku ya tano wakamrudisha amebebwa, anatapika, tansiyo (presha ya damu) 70 kwa 40, serumu zinaingia na tansiyo haipandi. Muuguzi mzee wa zamu ya usiku akaniuliza: "Daktari, zile dawa si ulimkatisha?" Tukampa hidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, mg 100 mshipani. Asubuhi aliomba uji.

Kotisoli hutengenezwa kwa amri ya homoni ya ACTH, inayotoka tezi ya pituitari chini ya ubongo. Deksa ikijaa mwilini, pituitari hudhani kotisoli ipo ya kutosha, hunyamaza, na gamba lisilopata amri husinyaa. Ukikata ghafla, mgonjwa hana ya dukani wala ya mwilini mwake, na tezi huweza kuchukua miezi kuamka. Msidharau udogo wa kidonge: deksa mg 0.75 ni sawa na hidrokotisoni mg 20, dozi inayomtosha kwa siku nzima mtu ambaye tezi zake zimekufa.

Kwa hiyo ulizeni kwa maneno ya sokoni: dawa ya kunenepa? Mafuta ya kung'arisha ngozi? Sindano za magoti? Dawa ya pumu? Mwulizeni mgonjwa wakati mkwe wake yuko nje, maana mbele ya mkwe jibu ni hapana. Mafuta yenye klobetasoli, nayo ni kotikoidi, hupenya ngozi na yanaweza kuzilaza tezi vilevile.

Kuna na upande wa pili, tezi zenyewe kuharibika. Thomas Addison alieleza ugonjwa huo London mwaka 1855, na katika maiti kadhaa alizochunguza, tezi zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Kwetu kifua kikuu hakijaondoka. Hapo ACTH hupanda sana na ngozi huzidi weusi. Kwa ngozi yetu angalieni mistari ya viganja, ufizi na makovu mapya, au ombeni picha ya zamani kwenye simu yake. Alidosteroni, inayoshika sodiamu na kutoa potasiamu, nayo hupungua, ndiyo maana sodiamu hushuka na potasiamu hupanda. Mgonjwa wa deksa hapati weusi huo, na potasiamu yake kwa kawaida haipandi, kwa sababu alidosteroni hutii zaidi renini ya figo. Tofauti hiyo imenisaidia kuliko ukurasa wowote wa daftari langu.

Muwe macho pia na rifampisini, dawa ya kifua kikuu: huchochea ini kuivunja kotisoli haraka. Mgonjwa wa kifua kikuu anayedhoofika wiki chache baada ya kuanza dawa, msikimbilie kusema hazimezi.

Tansiyo ikiwa chini na mnashuku tezi, toeni damu ya vipimo, kisha mpeni hidrokotisoni, serumu ya chumvi, na glukosi kama sukari imeshuka. Majibu ya labo yatamkuta akiwa hai.

Yule mama tulimhamishia prednisoloni, tukaipunguza polepole kwa miezi saba. Nilimwandikia karatasi kwa Kiswahili: ukipata homa, ongeza dozi mara mbili, ukitapika, njoo mbio upigwe sindano. Aliikunja akaiweka ndani ya kava la simu, nyuma ya picha ya mtoto wake.