Bodaboda usimpe, muuzie

Mkuu, kama hizo milioni tatu bado ziko benki, ziache huko huko. Umeandika kijana wako ana miaka 24, cheti cha diploma kiko kabatini, anaamka saa nne, na unataka kumnunulia bodaboda "apate moyo wa kazi". Hilo kosa nimeshalilipia mimi.

Kilichoniponza ni kumkabidhi kijana wangu chombo bure, tena kadi ya pikipiki ikiwa na jina lake. Shemeji mmoja ndiye aliyenijaza: mpe iwe mali yake, ataionea uchungu. Uchungu! Mtu mwenyewe hajawahi kumiliki hata baiskeli, na mimi na mvi zangu nikamsikiliza.

Chombo cha bure huishia kwa deiwaka, dereva wa kibarua cha siku. Mwenzake anaendesha, jioni kijana wako anapokea elfu saba au nane, mchana kutwa yuko kitandani. Umemfanya bosi kabla hajajua kupiga kiki. Deiwaka naye kesho ya injini haimhusu. Oili ya kubadilisha kila wiki mbili hivi inakaa miezi, ukifungua nati ya chini inatoka nzito nyeusi kama lami. Ringi za pistoni zinakwisha, moshi unaanza, fundi anakwambia injini ishushwe. Cheni ikilegea hakuna wa kuikaza, inakula meno ya sproketi, unanunua seti nzima. Na siku kijana akikwama, anaiweka bondi, rehani ya mkopo. Kadi ni yake, utamshtaki kwa lipi?

Muuzie. Mpe mkataba ule ule ambao ungempa kijana wa jirani: elfu kumi kwa siku, siku sita, Jumapili ni ya sevisi. Wiki 52 ni 3,120,000, hela yako imerudi na chombo kimekuwa chake. Kadi ibaki kwa jina lako mpaka shilingi ya mwisho. Leseni ya pikipiki aishughulikie kabla hujanunua chochote. Akishindwa kuamka kwenda mafunzo, umepata jibu lako kwa bei ya nauli. Hesabu, yaani hiyo elfu kumi ya siku, aitume kwa simu kabla ya saa tatu usiku, ili rekodi ibaki. Siku tatu mfululizo kimya, ufunguo unarudi mezani, labda kama umeiona pikipiki kwa fundi kwa macho yako, siyo kwa kuambiwa. Na muandikishane kabisa: hakuna deiwaka. Halafu siku moja moja pita kijiweni saa moja asubuhi bila taarifa, uone ni nani amekaa juu ya siti.

Kila Jumapili andika namba ya kilomita kwenye dashibodi kabla hajaipeleka kuoshwa. Ukikuta hesabu ya wiki imekamilika na kilomita hazijasogea, kijana usimguse. Muulize mama yake anamtumia shilingi ngapi.