Mwalimu mgeni, lipe darasa nafasi ya kuwaza

Kama umeripoti muhula huu kwenye shule yako ya kwanza hapa Kisumu, huenda umepewa darasa la watoto sitini na zaidi, watatu kwa dawati moja, na kipindi cha dakika 40. Utafundisha, utauliza "Tumeelewana?" na wote wataitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Usiliamini itikio hilo. Mimi niliamini muhula mzima, hadi niliposahihisha mtihani wa Sayansi nikakuta maelezo yangu ya ubaoni yamekaririwa neno kwa neno, mengine chini ya swali lisilohusika.

Mwenzangu mkongwe alikubali kuketi nyuma ya darasa langu. Kengele ilipolia aliniambia, "Mwalimu, unauliza halafu unajijibu." Ilikuwa kweli. Mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, aliona katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Wakisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na watoto wanyamavu huanza kusema. Basi uliza, nyamaza, hesabu moyoni. Wiki ya kwanza kimya hicho kitakutoa jasho. Kivumilie.

Lakini swali lenyewe liwe la kufikirisha. Mimi hupita Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, asubuhi nikaokota gugu maji, maana hakuna mtoto wa huku asiyelijua. Kile kikonyo chake kilichovimba kinaelea kwenye karai. Nauliza: nikikikatakata, vipande vitaelea, vitazama, au vingine hivi na vingine vile? Kila mmoja anaonyesha jibu kwa vidole kifuani, kimoja, viwili au vitatu, ili jirani asiige. Wengi huchagua kuzama: hewa si itatoka? Kabla sijakata nawapa dakika mbili wabishane dawatini, kisha wachague upya. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, ndiye aliyeieneza njia hii tangu miaka ya 1990. Kwetu vidole vinatosha.

Ndipo nakata. Vipande vinaelea, na darasa linalipuka. Mtoto mmoja anakibinya kipande ndani ya maji, mapovu yanapanda, na wenzake wanaona kwamba hewa imefungiwa kwenye vyumba vidogo vidogo, haikai katika chumba kimoja.

Wakibishana kwa Kijaluo, waache. Wazo likishakomaa watalitafutia Kiingereza cha mtihani. Ila mlinde mtoto wa katikati ya dawati, ambaye mara nyingi humezwa na hao wawili wa pembeni. Mimi hutangaza nani aanze: leo wa dirishani, kesho wa katikati. Makundi ya watu kumi sikushauri hata kidogo, kwani wawili hufanya kazi na wanane huangalia. Kuhusu kelele, mweleze mwalimu mkuu mapema, akipita dirishani ajue ni kazi inaendelea.

Swali moja la namna hii kwa kipindi linatosha kuanzia. Dakika tano za mwisho, kila mtoto aandike kwenye kipande cha karatasi jambo ambalo bado linamtatiza. Zisome jioni hiyo hiyo. Baada ya somo la gugu maji, msichana ambaye sikuwahi kusikia sauti yake aliniandikia: "Mwalimu, hiyo hewa iliingiaje ndani?" Kipindi kilichofuata tulianzia hapo.