buildworld ya FreeBSD (amri ya kujenga programu za mfumo huu wa uendeshaji kutoka kwenye msimbo) inakatikia kwenye LLVM (kikusanyaji chake)
Kaka, umeuliza kwa nini inakatika: msimbo hauna kosa, ni RAM iliyokwisha. LLVM ni mlafi, na -j8 (kazi nane kwa pamoja) kwenye laptop ya GB 4 ni kujitakia. Tazama dmesg (ujumbe wa keneli, kiini cha mfumo); ukikuta "was killed", ndiyo hiyo. Ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya GB 4, kisha:

make -j2 -DNO_CLEAN buildworld

Hiyo NO_CLEAN inakuokoa usianze upya. Umeme ukikatika hapo mtaani Area D katikati ya kazi, kwanza futa mafaili matupu, maana make huyaona yamekamilika:

find /usr/obj -name '*.o' -size 0 -delete

Buildworld ikiisha, make buildkernel (kujenga keneli), make installkernel (kuisakinisha), washa upya, etcupdate -p (kuandaa mafaili ya mipangilio), ndipo make installworld (kusakinisha programu mpya), na etcupdate tena. Usiruke ule uwashaji: programu mpya juu ya keneli ya zamani zinaweza kugoma zote, hata ls.