Kabla hujashika panga: kwa wewe unayeanza kujitolea kwenye uhifadhi

Wengi wanaokuja kujitolea huja na picha mbili kichwani: kupanda miti na kuona wanyama. Siku ya kwanza wanakabidhiwa panga na glavu, wanaambiwa wafyeke. Usishangae. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuondoa kisichotakiwa ili kilichokuwepo tangu asili kipate kupumua. Hata kikosi cha kujitolea kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1959 kilianza hivyo: watu 42 walipanda kilima cha Box Hill kukata vichaka vilivyokuwa vinameza uwanda wa nyasi fupi kwenye udongo wa chokaa, makazi ya maua na vipepeo.

Lakini kufyeka nako kuna namna yake, na mimi nilijifunza kwa uchungu. Msimu wangu wa kwanza kundi letu lilikata lantana, kichaka cha kigeni kinachovamia ardhi, kwenye bonde zima kwa siku mbili. Tukapiga picha, tukaondoka na furaha. Mvua zikanyesha. Niliporudi, visiki vyote vilikuwa vimechipua, na ardhi tuliyoiacha wazi ilikuwa imejaa miche ya magugu, imesongamana kama kitaluni. Niliumia sana. Sikuwa najua kwamba lantana ikikatwa juu juu huchipua upya shinani, na kwamba mbegu zilizolala ardhini zikipata mwanga huamka kwa wingi.

Baadaye ndipo nikakutana na njia ya ndugu wawili wa Sydney, Joan na Eileen Bradley, ambao tangu miaka ya 1960 walikuwa wakisafisha msitu wa jirani kwa mikono yao. Hawakuvamia palipoharibika zaidi, ambapo ndipo sote tunatamani kuanzia. Walianza palipo pazima, wakang'oa magugu machache yaliyopenya, kisha wakasogea kidogo kidogo kuelekea pabaya, kwa mwendo ambao mimea ya asili iliweza kuufuata na kujaza nafasi. Udongo waliutibua kidogo iwezekanavyo. Kwangu hili ndilo somo kubwa kuliko yote.

Kwa hiyo subiri siku baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Shika mche wa gugu chini kabisa, utikise, uvute taratibu. Ukisikia mzizi unaanza kukatika, acha kuvuta, chimba ufuate ulikoelekea. Ukishatoka, kung'uta udongo urudi shimoni, ukandamize kwa kisigino, funika kwa majani makavu uliyoyasogeza mwanzoni. Mche mmoja unaweza kukuchukua dakika kadhaa. Jirani yako atakuwa amefyeka hatua kumi, mwache.

Panga libebe likiwa limeelekea chini, ubavuni, na uachane na mwenzako umbali ambao mikono yenu ikinyooshwa haikutani. Kagua kichaka kwanza; ukiona kiota chenye mayai au makinda, hapo pasubiri. Na osha buti kabla ya kuingia eneo jipya. Tope hubeba mbegu za magugu, na kwenye maeneo oevu linaweza kubeba kuvu ya kitridi, ambayo imeangamiza vyura katika mabara kadhaa.

Ukikuta tanzi la waya kwenye njia ya wanyama, usilikimbilie. Mwite kiongozi, mahali paandikwe, kisha mtafute mengine jirani, kwa sababu mara nyingi halitegwi moja. Kama kuna mnyama amenasa, kaa mbali naye: mnyama mwenye maumivu na hofu anaweza kukuua, na ukimkaribia anazidi kuvuta waya unaomkata.

Usichague kundi kwa sababu ya picha zake nzuri. Muulize kiongozi swali moja kabla ya kujiandikisha: hapa tunapofanya kazi leo, mtarudi lini? Akikutajia mwezi, na akakuonyesha daftari la kazi ya msimu uliopita, jiunge naye. Akikosa jibu, tafuta kundi lingine.