Baba ana saratani na fomu inasema ana sonona: je, ni kweli?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Baba yangu ana miaka 67 na anaugua saratani ya mapafu iliyosambaa hadi kwenye mifupa. Anatumia tramadoli kwa ajili ya maumivu, pamoja na deksamethasoni, ambayo ni dawa ya steroidi. Wiki iliyopita kliniki walimjazia fomu ya kupima sonona iitwayo PHQ-9, akapata alama 14, wakasema ni sonona (ugonjwa wa huzuni kali) ya wastani na kwamba wanafikiria kumwanzishia sertralini, dawa ya sonona. Nilipoitazama fomu niliona amepewa 3 kwenye usingizi, 3 kwenye uchovu, 3 kwenye hamu ya kula, 2 kwenye umakini, 2 kwenye kuzungumza na kutembea polepole, na 1 kwenye huzuni; kwingine kote ni 0. Mimi ndiye niliyejibu maswali mengi kwa sababu yeye alikuwa amechoka. Je, hii ni sonona kweli au ni saratani? Na dawa hiyo itamsaidia kuishi vizuri?

JIBU: Asante kwa kunakili alama zote, kwa sababu jibu la swali lako limo ndani yake. Fomu hiyo ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali likiwa na alama 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi huchukuliwa kuwa ishara kwamba mtu achunguzwe zaidi. Jumla hiyo ni ishara ya kuchunguza, si utambuzi wa ugonjwa. Katika alama 14 za baba yako, 13 zinatokana na mambo ambayo saratani iliyosambaa na dawa zake zinaweza kuyaleta zenyewe kwa mtu ambaye moyo wake umetulia kabisa. Aidha, ili daktari aseme kwamba huyu ana sonona, ni lazima walau moja kati ya dalili mbili za msingi, yaani huzuni au kukosa furaha katika mambo aliyokuwa akiyapenda, iwepo kwa zaidi ya nusu ya siku hizo. Baba yako ana 1 kwenye huzuni, maana yake ni siku chache tu, na 0 kwenye kukosa furaha. Kwa majibu hayo, mimi nisingesema ana sonona.

Nimesema kwa majibu hayo, kwa kuwa majibu mengi ni yako. Sikulaumu hata kidogo. Wauguzaji wengi hulazimika kufanya hivyo mgonjwa anapochoka. Hata hivyo, tunajua kwamba ndugu anayeuguza mara nyingi huuona ubora wa maisha ya mgonjwa kuwa chini kuliko mgonjwa mwenyewe anavyouona, na pia yapo mambo ambayo mzazi hawezi kumwambia mwanawe, hasa kujiona mzigo na kutamani kufa. Sufuri zile kwenye maswali ya kujiona hafai na kuwaza kufa ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko alama 14. Naomba aulizwe upya na muuguzi au daktari, faraghani, wakati ambao maumivu yametulia.

Tatizo hili la dalili za mwili kuingiliana na dalili za hisia si geni. Mwaka 1984 mtafiti Jean Endicott alipendekeza kwamba kwa wagonjwa wa saratani, mabadiliko ya hamu ya kula, usingizi, uchovu na umakini yawekwe kando, na mahali pake paangaliwe kama mgonjwa anaonekana mwenye majonzi, kama amejitenga na watu, kama anazama katika mawazo ya kukata tamaa na kujihurumia, na kama hakuna kinachoweza kumchangamsha. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitegemea zaidi kitandani pa mgonjwa. Mtu aliyechoka kwa saratani hufumbua macho mjukuu anapoingia, akatabasamu, akauliza habari za shule, kisha akalala tena. Mwili umekwisha nguvu lakini furaha ingalimo. Mwenye sonona humtazama mjukuu yuleyule kana kwamba yuko ng'ambo ya kioo, na baadaye hujilaumu kwamba hata mtoto hamfurahishi.

Kabla ya kufikiria dawa ya sonona, ningeanza na yale yanayorekebishika. Alama 3 za usingizi zinanifanya niulize deksamethasoni anaimeza saa ngapi, kwa sababu dawa hiyo ikimezwa jioni humfanya mtu akeshe, na yenyewe huweza kuvuruga hisia. Kwa kawaida humezwa asubuhi, lakini msiisimamishe ghafla wala kupunguza dozi bila daktari. Ningeuliza pia kama maumivu ya mifupa humwamsha usiku, kwa maana maumivu yasiyotulizwa humnyong'onyeza mtu hadi akaonekana amekata tamaa, na tramadoli mara nyingi haitoshi kwa maumivu ya namna hiyo.

Kuhusu ule upolepole wa kuzungumza, ulianza lini? Kama umekuja ndani ya siku chache, kama asubuhi yuko sawa na jioni anapotea, au kama hawezi kutaja siku za wiki kwa kurudi nyuma ilhali zamani aliweza, basi huenda si sonona bali ni akili iliyochanganyikiwa kutokana na mwili. Wengi hudhani aliyechanganyikiwa lazima apige kelele na kuweweseka, kumbe wapo wanaonyamaza tu, na hao ndio wanaokosewa na kuitwa wenye huzuni. Saratani iliyosambaa inaweza kupandisha kalisiamu katika damu, na hilo huchanganya akili. Maambukizi, upungufu wa maji, choo kigumu na dawa zenyewe huweza kuleta hali hiyo hiyo. Mengi ya hayo hutibika, kwa hiyo mkiona dalili hizo mpelekeni siku hiyo hiyo.

Sasa sertralini. Ikithibitika kwamba ana sonona, atibiwe. Sikubaliani na usemi kwamba mgonjwa wa saratani ana haki ya kuhuzunika hivyo aachwe. Lakini dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, na sertralini pamoja na tramadoli huweza kuzidisha serotonini, kemikali ya ubongo na neva, mwilini, hali inayoleta kutetemeka, jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, mbali na kuongeza uwezekano wa degedege. Mwambie daktari wazi kwamba anatumia tramadoli. Huenda akaona ni heri kumhamishia kwenye morfini, dawa ya maumivu yenye nguvu zaidi, kwanza, jambo ambalo lingesaidia na maumivu.

Kama bado hajaonwa na timu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, ombeni rufaa sasa, msisubiri siku za mwisho. Katika utafiti wa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa, uliofanyika Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2010, waliounganishwa na tiba shufaa mapema walikuwa na ubora wa maisha ulio bora zaidi, na wenye dalili za sonona walikuwa 16%, ikilinganishwa na 38% kwa wale waliopata matibabu ya kawaida ya saratani peke yake. Matumizi ya dawa za sonona hayakutofautiana sana kati ya makundi hayo mawili. Kilichotofautiana ni kuwa na mtu wa kushughulikia maumivu, usingizi, hofu na maamuzi kwa pamoja.

Wewe mwenyewe unaweza kukaa naye jioni moja, bila fomu, ukamuuliza: "Baba, katika haya yote, ni lipi linalokuumiza zaidi?" kisha ukanyamaza hata kama kimya kitakuwa kirefu. Niliwahi kumuuliza hivyo mgonjwa ambaye sote tulidhani anaogopa kifo. Akasema linalomuumiza ni kuogeshwa na binti yake. Tulitafuta kiti cha kuogea, akawa anaoga mwenyewe. Na baba yako akisema amechoka kuishi, usimkatize kwa kumtia moyo. Muulize kama anangoja tu siku yake au amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema amefikiria, dawa zote zihifadhiwe na mtu mwingine, asiachwe peke yake, na daktari aambiwe usiku huo huo.